Mwanga wa Usiku

Katika picha 43 nilizompiga bibi yake bibi harusi usiku ule, macho yamefumba katika picha 31. Nilizihesabu asubuhi yake, nimekaa barazani na kompyuta mapajani, chai imepoa. Katika zile 12 zilizobaki, nne hazikutulia, tano kuna mtu aliyepita mbele na sinia, na tatu uso wake umekuwa mweupe kama aliyepakwa liwa.

Siku mbili baadaye nilimpelekea. Akavaa miwani, akaangalia ya kwanza, ya pili, ya tatu. “Mwanangu,” akasema, “mbona umenipiga maiti?”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinieleza taratibu kwamba katika maisha yake yote ana picha moja tu, ya kitambulisho, na katika hiyo anaonekana kama mwizi wa karafuu. Alitaka nyingine ya kutundika ukutani. Alikuwa amevaa vizuri, amejifukiza udi, amekaa mkao wa picha usiku kucha. Mimi ndiye niliyemwangusha.

Ilikuwa harusi yangu ya tatu, kijijini, nje kidogo ya Chake Chake, upande wa wanawake. Kwetu Pemba kamera ya mwanamme haiingii huko. Ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele zimesukwa, mikono ina hina hadi kwenye viwiko, na hakuna anayetaka kujiona kesho kwenye simu ya shemeji wa mtu. Niliitwa kwa sababu mimi ni mwanamke, si kwa sababu niliijua kazi. Kamera yangu ilikuwa ya mtumba. Flashi ya nje, ile inayochomekwa juu ya kamera, niliinunua wiki mbili kabla kwa mtu wa Unguja, ikaja kwa boti hadi Mkoani ikiwa imezungushiwa fulana. Mgongoni ilikuwa na kioo kidogo chenye herufi: TTL, M, MULTI, S1, S2. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kichina kitupu.

Nilitaka kujua nimekosea wapi. Nilianzia kwenye zile herufi, na kila moja ikanivuta nyuma zaidi kuliko nilivyotaka kwenda.

*

Kwanza neno lenyewe. Kwa Kiswahili mwanga ni nuru, na mwanga pia ni mtu anayeanga, yule wa usiku, anayekuja mlangoni kwako wakati umelala. Mgeni akisikia Pemba hufikiria wanga kabla hajafikiria karafuu, nasi tumeshachoka kulijibu hilo. Lakini nilipoanza kusoma historia ya flashi niliona kwamba maana zote mbili zilikuwa zinafaa. Watu wa kwanza kutumia mwanga huu walikuja usiku, bila kubisha mlango.

Kabla yao picha ilikuwa kitu cha mchana. James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke kwenda kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha mjini Zanzibar mwaka 1860, na miongoni mwa alivyovipiga ni soko la watumwa. Zilikuwa sahani za kioo na dawa mbichi, jua kali, na watu walioambiwa wasitikisike. Wapiga picha wa Kigoa waliokuja kufungua studio mjini, A. C. Gomes na baadaye ndugu wa ukoo wa Coutinho, nao walikuwa wafanyakazi wa jua. Jua likizama, studio inafungwa. Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyomalizika mwaka 1883, ilikuwa jumba la kwanza mjini kuwa na taa za umeme, lakini taa za wakati ule zilitosha kumwangazia mgeni ngazi, si kumpiga picha akizipanda.

Kilichoifungulia kamera usiku ni unga. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya magnesi na kemikali zenye oksijeni, ukapatikana unga uliolipuka kwa mwako mmoja mkali. Wakauita Blitzlicht, yaani mwanga wa radi. Ulitoa moshi mzito mweupe, na mtu akikosea kipimo ulimwondolea nyusi au vidole. Habari zake zilimfikia Jacob Riis, mwandishi wa habari za polisi mjini New York, mhamiaji kutoka Denmark, aliyekuwa amehangaika miaka kadhaa jinsi ya kuwaonyesha matajiri namna maskini wanavyolala. Riis na wenzake waliingia usiku wa manane katika vyumba vya wapangaji vilivyojaa watu na kulipua unga gizani. Mwanzoni walitumia kifaa cha umbo la bastola. Walipoona watu wanakimbia, Riis akaamua kuuwashia unga ndani ya kikaango. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwahi kuunguza nyumba mara mbili, na mara moja akajiunguza yeye mwenyewe.

Kitabu chake cha mwaka 1890 kilisaidia kubadilisha sheria za nyumba mjini humo, na watu wengi wanamheshimu kwa haki. Hata hivyo nikiziangalia zile picha, naangalia macho. Wengine wametumbua, wengine wamekunja uso, wengine wamelala na hawajui. Hakuna aliyeulizwa. Walichokifahamu ni kishindo, mwako, moshi, kisha mlango unafungwa.

*

Unga huohuo ukaja kwetu Afrika Mashariki, na uliyemkuta hakuwa mtu bali simba.

Carl Georg Schillings alikuwa mwindaji wa Kijerumani aliyezunguka nyika za Tanganyika, zikiwa bado koloni la Ujerumani, miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20. Alitaka picha za wanyama porini wakiwa hai, tena usiku, jambo ambalo halikuwa limewezekana Afrika. Alikuwa na kamera maalumu zilizotengenezewa kazi hiyo na kampuni ya Goerz ya Berlin. Njia yake ilikuwa hivi: alimfunga punda au ng'ombe hai karibu na maji, akaficha kamera na unga wa magnesi, akatandaza uzi. Simba akirukia chambo, uzi unavutwa, unga unalipuka, kamera inakamata. Mwaka 1905 alitoa kitabu mjini Leipzig, na jina lake linajitosheleza: Mit Blitzlicht und Büchse, yaani Kwa Flashi na Bunduki.

Jina hilo linaweza kumshtua Mzungu wa leo. Msemaji wa Kiswahili halimshtui sana, kwa sababu sisi tunapiga bunduki na tunapiga picha kwa kitenzi kimoja. Tunapiga hodi pia, na tunapiga pasi, basi nisilipe neno uzito lisioubeba. Ila Schillings aliishi ndani ya hicho kitenzi kwa ukamilifu. Aliwaua wanyama wengi, aliwapiga picha wengi, kisha akawa miongoni mwa watu waliopaza sauti huko Ulaya kwamba wanyama wa Afrika wanakwisha.

Picha zake bado zinatisha. Simba jike ametoka gizani, macho yanang'aa kama vioo, nyuma yake hakuna kitu, weusi mtupu. Weusi huo ni alama ya flashi. Mwanga wa flashi huchoka haraka: kitu kilicho mita mbili kutoka kwenye flashi kinapata robo tu ya mwanga wa kilicho mita moja, na kilicho mita nne kinapata sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo simba anaonekana, na mbuga nzima nyuma yake inatoweka. Vilevile wanatoweka wapagazi waliobeba sahani za kioo, masanduku ya unga na maji ya safari nzima, na ambao usiku ule walikuwa wamekaa kimya mahali fulani nyuma ya kamera. Julai ya mwaka huohuo wa 1905, kusini mwa koloni hilohilo, katika vilima vya Umatumbi, Vita vya Maji Maji vilianza. Waliokuwa wakisoma Schillings mjini Leipzig walikuwa wanaitazama nchi yenye simba na giza nyuma yake.

Nilirudi kwenye picha zangu za harusi nikaona kosa lilelile. Bibi harusi mbele anang'aa. Nyuma yake, ambako shangazi zake walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele, ni kisima.

*

Herufi M ni ya historia hii ya zamani. Maana yake ni kwamba mashine haiamui chochote: wewe unachagua nguvu, nzima, nusu, robo, hadi sehemu moja ya 128, nayo inatoa hiyohiyo kila mara. Wazee walikokotoa kwa namba ya nguvu ya flashi. Ukiwa na flashi ya namba 40, lenzi umeifungua kwa f/8, basi unagawa 40 kwa 8, unapata mita 5: mtu wako asimame hapo. Akija mita mbili na nusu, funga lenzi hadi f/16 au punguza nguvu hadi robo. Ni hesabu ya fundi cherehani, na ilifanya kazi kwa unga wa Schillings kama inavyofanya kazi kwa betri zangu nne.

Katikati yao kuna balbu na umeme. Mwaka 1929 Ujerumani ikatoka balbu ya Vacublitz, iliyobuniwa na Johannes Ostermeier: karatasi nyembamba ya alumini ndani ya kioo chenye oksijeni, inaungua mara moja na kutupwa. Moshi ukaisha. Mwaka uliofuata, 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, ambayo ingekuja kupiga picha wafalme, wasomi, mitaa, na baada ya Mapinduzi ya 1964, viongozi wapya. Mtu akitaka kuona sura za Zanzibar ya karne ya 20 bado anaanzia katika maktaba ya studio hiyo, barabara ya Kenyatta. Na katika miaka hiyohiyo ya 1930 Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, alikuwa akifyatua umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita kupitia bomba la gesi. Mwako wake ulikuwa mfupi kiasi cha kuisimamisha tone la maziwa hewani. Flashi zote za leo ni watoto wa bomba lile, na herufi za MULTI kwenye kioo changu ni mchezo wake: miako mingi mfululizo ndani ya picha moja, mcheza ngoma mmoja akatokea na mikono kumi. Nimeitumia mara moja. Somo wa bibi harusi alipoiona picha akasema nimwondolee jini huyo kwenye albamu.

*

S1 na S2 sikuzielewa hadi zilipoharibu harusi ya pili.

Nilikuwa nimeazima flashi nyingine, nikaiweka kwenye kona ya ukumbi juu ya kabati, nikaiwekea S1, kwa sababu mtu mmoja aliniambia kwamba ikiona mwako wa flashi yangu nayo itawaka. Kweli iliwaka. Iliwaka na kwa flashi ya kila mgeni mwenye kamera. Iliwaka kama kimondo kwa saa nzima, ikamaliza betri, na nilipoihitaji wakati wa bibi harusi kutoka nje ikawa imekufa. S2 ni ndugu yake mwenye subira: inauacha mwako wa kwanza upite, inaitikia wa pili. Kwa nini kuna mwako wa kwanza na wa pili, nitafika.

Kwanza ile S. Katika Kiingereza cha mafundi, flashi inayoamuru iliitwa bwana, na inayotii iliitwa mtumwa. S ni ya mtumwa. Nilikuwa nimekaa sakafuni nyumbani kwetu natafsiri kijitabu neno kwa neno kwa simu nilipoligundua hilo, na nikasita.

Mimi ni wa Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu mingi ya Unguja kiliiacha Pemba karibu nzima, na tangu hapo kisiwa chetu kikawa ndicho chenye karafuu, na mashamba ya karafuu yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilinunuliwa. Soko la mjini, lile alilolipiga picha Grant, lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Unguja na Pemba hadi Aprili 1897. Kuna familia katika kijiji changu ambazo mpaka leo zikiposa, mzee mmoja atauliza kwa sauti ya chini: hawa asili yao wapi? Swali hilo kila mtu analielewa. Nimewahi kulisikia likiulizwa ukumbini wakati napanga flashi.

Siku hizi baadhi ya makampuni yanaandika mtumaji na mpokeaji. Flashi yangu ni ya zamani na S yake haifutiki. Nimebandika juu yake kipande cha plasta nikaandika “mdogo”. Nikiwa na msaidizi namwambia, “Muweke mdogo pale kwenye pembe,” anaelewa.

*

Sasa TTL, ambayo ndiyo iliyomfumba macho Bi Mkubwa.

Kwa miaka mingi kamera haikujua flashi inafanya nini. Mwaka 1975 Olympus ilitoa OM-2, kamera iliyopima mwanga wa flashi kupitia lenzi yenyewe, ukirudi kutoka juu ya filamu, wakati picha inapigwa. Ukishatosha, kamera inaikata flashi. Hakukuwa na onyo la kabla: mwako ulikuwa mmoja tu, ukakatwa palepale ulipotosha. Kisha ikaja dijitali. Sensa hairudishi mwanga kama filamu, ile njia ikawa haifai. Canon ilikuwa tayari mwaka 1995 imeanza kutumia namna nyingine, ambayo leo inatumiwa na karibu kila mtu: flashi hutoa kwanza mwako mdogo, kamera hupima ulivyorudi, inakokotoa, kisha hutoa mwako mkubwa wa picha.

Ule mwako mdogo ni hodi. Sina neno bora zaidi. Flashi inabisha, uso unaitikia, kamera ndiyo inaingia. Kwa kawaida baina ya hodi na kuingia ni muda mfupi mno hata mwenye nyumba hatambui kwamba amebishiwa, anaona mwako mmoja. Mimi nilikuwa nimeurefusha. Niliona kwenye video moja kwamba ukitumia pazia la pili, picha za ngoma zinapendeza. Kamera ina mapazia mawili: la kwanza linafunguka kuingiza mwanga, la pili linafunga. Kawaida flashi huwaka la kwanza likishafunguka. Ukichagua pazia la pili, huwaka mwishoni, kabla ya kufunga, na mcheza ngoma anaachiwa mkia wa mwanga nyuma yake kama kimondo. Nikaweka pazia la pili, nikaweka sehemu ya nane ya sekunde, nikasahau kuirudisha. Hodi ikawa inapigwa mwanzoni, picha inapigwa mwishoni. Kope za binadamu huanza kufunga ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Vijana wengi walisalimika. Bi Mkubwa, aliyelala na kuamka kwa kandili maisha yake mengi, alikuwa na macho mepesi. Kila hodi aliijibu kwa kufumba.

Zile tatu nyeupe zilikuwa kosa jingine, na si langu peke yangu. TTL inapopima, inadhani dunia nzima kwa wastani ni kijivu. Mbele ya shela jeupe na shanga zinazometa inapunguza mwanga, uso wa bibi harusi unakuwa giza. Mbele ya mtu mweusi aliyevaa baibui jeusi gizani inafanya kinyume, inaongeza mpaka uso unaungua. Kitufe cha kuirekebisha kipo, kuongeza au kupunguza, na mtu anayepiga watu wa kwetu lazima kidole chake kikijue bila kutazama.

Hiyo dhana ya kijivu ina ndugu zake wabaya. Kwa miongo mingi Kodak ilizisambazia maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mashine zikarekebishwa hadi ngozi yake ikae vizuri, ya mwingine itajijua. Nchini Afrika Kusini, serikali ya ubaguzi ilitumia mfumo wa Polaroid wa ID-2 kutengenezea picha za vitambulisho, na kamera hiyo ilikuwa na kitufe cha kuongezea nguvu ya flashi. Wasanii Adam Broomberg na Oliver Chanarin walidai kwamba kitufe hicho ndicho kilichozifaa ngozi nyeusi kwa ajili ya vile vitabu vya pasi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani ndani ya kampuni yao wenyewe, na mwaka 1977 Polaroid iliondoka Afrika Kusini. Kwa hiyo mashine ilipotaka kutuona vizuri, iliweza. Ilitegemea inatutakia nini.

Na sisi Wapemba hatuhitaji kusafiri hadi Johannesburg kulielewa hilo. Mwishoni mwa Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji hapa Pemba, watu waliuawa, na wengi walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nilikuwa mdogo. Nilichokuja kukijua ukubwani ni kwamba ukinyanyua kamera kwenye mkusanyiko wowote kisiwani hapa, hata wa mpira, kuna mtu mzima atakayekuuliza kwa upole: mwanangu, hizo picha zinakwenda wapi? Simu inaweza kupiga kimya. Flashi haiwezi. Ikishawaka, ukumbi mzima umejua nani kapiga na kampiga nani, na anayetaka aje aseme ifute. Nimefuta nyingi kwa njia hiyo. Mabibi harusi wamenishukuru zaidi kwa nilizofuta kuliko kwa nilizoacha.

*

Wanaofundisha mtandaoni wote wanasema: usielekeze flashi usoni, ielekeze juu, igonge dari nyeupe, irudi laini. Wana dari nyeupe. Nyumba nyingi za harusi ninazoingia zina bati au makuti, mwanga unapanda na haushuki tena. Nje ni mbaya zaidi, turubai la buluu, na ukiligongesha flashi, wageni wote wanatoka kama waliozama chumbe. Shekhe mmoja katika picha za nikaha niliyosaidia kupiga alitoka kijani kibichi, na nilikesha kumrudishia rangi yake.

Nilichokuja kugundua ni shuka. Shuka jeupe la kitanda, limeshikwa na wasichana wawili pembeni yangu, flashi inaelekea kwenye shuka, mwanga unarudi kama wa dirisha. Wasichana wa kushika hawakosekani upande wa wanawake, ila wanacheka, na shuka linacheka nao.

Kulikuwa na wakati hata hilo lisingehitajika. Mama ananiambia harusi za utoto wake ziliwaka kwa karabai, ile taa ya pampu inayovuma, na kila mtu alikuwa na rangi ya asali. Umeme wa uhakika ulitufikia mwaka 2010 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta, na mafuta yakikosekana, giza. Nimejaribu kuipata ile rangi ya karabai. Nimebandika mfuko wa nailoni wa rangi ya chungwa mbele ya flashi. Inakaribia.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa Bi Mkubwa, jioni baada ya magharibi, kwa sababu alisema mchana jua linamkunja uso. Nilimwekea kiti karibu na ukuta. Mjukuu wake alishika ncha moja ya shuka, ncha nyingine nikaifunga kwenye nguzo ya baraza. Karafuu zilikuwa bado zimeanikwa uani kwenye majamvi, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho, nikaogopa macho yale. Nikaweka M. Nguvu sehemu ya nane, pazia la kwanza, f/5.6. Hakuna mwako wa kupima, hakuna wa pili. Kwa kuwa mashine ilikuwa haibishi tena, nikabisha mwenyewe.

“Bi Mkubwa, napiga sasa.”

“Piga.”

Nikapiga. Nikamwonyesha palepale kwenye kioo cha kamera. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Aliangalia muda mrefu.

“Macho yako wazi,” nikasema.

“Nnayaona.” Akanirudishia kamera. “Lakini kanga imekaa upande. Hebu ngoja niiweke vizuri, kisha upige tena.”